Jiwe Lililotiwa Meno

Wageni wanaokuja kuniuliza habari za vita vya Maji Maji huondoka kwangu wamenuna. Wanataka mikuki, wanataka ngao za ngozi ya ng'ombe, wanataka niwaambie bunduki zililiaje. Mimi mambo yote yale niliyaona nikiwa nimepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Nikianza kuwaeleza habari za mawe wanapiga miayo, wananiuliza kama hakuna mzee mwingine hapa jirani, mwanaume. Haya, nimeamua kuandika mwenyewe. Kusoma nilifundishwa na masista wa misheni nikiwa tayari nina mvi, na Kiswahili nilikipata bomani kwa Wajerumani, kwa sauti ya juu. Maneno yangu matatu ya kwanza yalikuwa njoo, beba na kimya. Haya mengine niliongeza baadaye.

Mama yetu alikuwa mchagua mawe. Kwetu, bonde la Ruhuwiko, binti hakwenda kwa mumewe bila jiwe lake la kusagia, lile kubwa la chini tukiliita mama na lile dogo la mkononi tukiliita mwana. Siku ya kwanza mama mkwe alikaa akala ugali wa mke wa mwanawe polepole, macho amefumba. Punje moja ya mchanga ikilia kwenye jino, aliitema kiganjani akawaonyesha wageni. Zipo ndoa zilizovunjika kwa punje hiyo. Kwa hiyo watu walimheshimu mama kuliko walivyowaheshimu wapiga ramli, maana mpiga ramli akikosea husema mizimu imekataa, lakini mama akikosea unasikia mwenyewe mdomoni.

Alikuwa akitupandisha mlima Matogoro, mimi na dada yangu mkubwa, na kitu cha kwanza alichotufundisha kilikuwa kutoamini uzuri. Jiwe lenye punje kubwa kubwa, nyeupe na nyekundu nyekundu, lenye vipande vya ulanga vinavyometameta juani, hilo kila mpita njia hulisifu. Mama alikuwa akilipiga teke. Punje zikiwa kubwa, alisema, mipaka yake ni mirefu na imenyooka, na ufa ukishaingia mpaka mmoja unateremka nao kama mtu aliyepata njia ya ng'ombe. Punje zikiwa ndogo, zimebanana na kung'ang'aniana, ufa unakuta kona kila hatua. Unageuka, unageuka tena, unachoka, unaishia hapo. Na ulanga ndio mbaya zaidi, kwa sababu vipande vyake hulala upande mmoja, tabaka juu ya tabaka. Jiwe la ulanga ukiligonga kwa juu linakutazama tu, ukiligonga kwa ubavu linafunguka lote.

Basi alikuwa na vipimo vyake. Aligonga, akasikiliza kama jiwe linalia kama kengele au linaguna. Alikwaruza ukingo kwa ukucha wa kidole gumba. Mwisho alidondosha tone la maji juu yake akangoja. Tone likikaa, tulilibeba jiwe. Tone likinywewa, alisema, "Jiwe linalokunywa maji huvunjika," akaenda zake, nasi nyuma yake tukikimbia na kibuyu.

Hata jiwe zuri lina lawama yake. Lile la punje ndogo, ukilisagia miezi miwili mitatu, linalainika likateleza, nafaka zinakimbia juu yake bila kuvunjika. Hapo wanawake tulisema jiwe limeshiba. Unachukua kijiwe kigumu chenye ncha, unaligongagonga uso mzima, tok, tok, tok, mpaka liwe na vishimo vidogo vya kukamata nafaka. Kufanya hivyo tulikuita kulitia meno. Naomba msomaji aliweke neno hilo mahali asipolisahau, kwa sababu yupo aliyekaribia kufa kwa ajili yake.

Halafu wanaume wakaletewa dawa ya maji. Wengine walinyunyiziwa, wengine walikunywa, ili risasi zikiwapata zigeuke matone. Mama aliposikia kwamba watu wanakunywa maji wapate kuwa wagumu, alisema lile lile alilokuwa akilisema juu ya mawe. Akaambiwa anyamaze, hayo ni mambo ya wanaume. Akanyamaza. Mume wangu alikunywa, na hakurudi. Nilimpenda. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu siku zile hakuna aliyeniuliza kama nilimpenda. Waliniuliza kama alikuwa na bunduki.

Wakubwa wetu walinyongwa, mashamba yakachomwa, maghala yakachomwa, na njaa ikaingia ambayo sitaieleza, kwa sababu aliyewahi kushinda njaa anaijua na aliyeshiba hataamini. Kabla ya kukimbilia porini kila mwanamke alifukia jiwe lake nyuma ya nyumba. Mtu hukimbia na mtoto, hukimbia na chungu, lakini hakuna anayekimbia na jiwe la kusagia. Mwaka ule ardhi ya Ruhuwiko ilipandwa mawe, na hakuna kingine kilichopandwa. Mama alifia huko porini akitafuna majani.

Mimi na dada tulikamatwa tukichimba ming'oko, ile mizizi ya mwituni. Mama mkwe wangu alikuwa pamoja nasi, lakini askari alimtazama mgongo uliopinda na ufizi mtupu, akasema huyu wa nini, akamwacha. Yeye akarudi bondeni peke yake, sisi tukapelekwa bomani kusaga unga wa askari. Tulikuwa wanawake kumi. Tulisaga mahindi yetu wenyewe, yaliyookolewa motoni kwa ajili ya waliouwasha.

Pale bomani palikuwa na fundi wa mawe Mzungu, mtu wa ndevu nyekundu aliyekuwa akijenga ngazi za boma. Aliposikia wanawake wamekuja kusaga, alitutengenezea mawe kwa mabaki ya ngazi zake. Yalikuwa kumi, yote sawa, yamenyooka kingo, yamepangwa mstari kama askari kwenye gwaride. Alijivunia sana. Aliyapangusa vumbi kwa kofia yake mwenyewe akatuonyesha kwa mkono, karibuni. Lo, yalikuwa mazuri. Punje kubwa kama mbegu za maboga, na ulanga unametameta mpaka unaumiza macho. Dada akanitazama, nami nikamtazama.

Sasa nitasema jambo ambalo wageni hawalipendi. Tulijua. Siku ile ile ya kwanza tulijua kwamba mawe yale yatatema mchanga. Hatukusema, kwa kuwa hatukuulizwa, na tukiwa wakweli, mimi nilifurahi. Nilisaga kwa bidii kuliko nilivyowahi kusaga kwa mama mkwe. Kila askari aliyekula ugali pale alikula na ngazi kidogo, na nilihesabu kwamba tukiachiwa miaka ya kutosha, tutawalisha boma lote. Ndiyo vita yangu hiyo. Wageni huiona ndogo.

Dada yangu, maskini, alikuwa na ugonjwa wa kutoweza kufanya kazi mbaya. Mawe yale yalimuudhi. Pale penye ulanga yaliteleza, pale penye punje kubwa yalimomonyoka, na unga ulitoka nusu chenga nusu vumbi. Mimi nilimwambia aache, ni unga wa askari. Alinijibu kwamba mkono ukizoea kusaga vibaya hauulizi unamsagia nani. Basi akawa kila asubuhi anakaa na kijiwe chake anayagongagonga yale mawe sehemu zinazoteleza, tok, tok, tok, apate kuyaokoa. Watu walimwona. Hakuwa na sababu ya kujificha.

Siku moja ombasha, mkubwa wa askari kumi, aliuma tonge akavunja gego. Alikuja amelishika mkononi, shavu limevimba, damu kwenye kidevu, akalitupa gego lake mbele yetu. Nyuma yake akaja Bwana Mkubwa, Mjerumani aliyeshika boma, na nyuma yake karani, mtu wa pwani aliyekuwa mkalimani wao. Bwana Mkubwa alikijua Kiswahili. Sisi tulikijua Kingoni. Katikati alisimama karani, ambaye alikijua Kingoni kama mimi ninavyokijua Kijerumani, neno moja moja.

Waliuliza nani huwa anayagusagusa mawe. Dada akainuka, kwa sababu aliona ni kazi nzuri na yake. Akasema Kingoni, kwa adabu, kwamba jiwe lilikuwa limeshiba, naye akalitia meno.

Karani akageuka. "Anasema jiwe lilikuwa limeshiba, bwana. Akalitia meno."

Kila neno lilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Meno?" akauliza Bwana Mkubwa. "Ya kumuuma nani?"

Karani hakulirudisha swali lile kwa dada. Aliona halihitaji jibu, na ombasha pale pale alikuwa na jibu kiganjani. Mwaka uliopita watu hawa walikuwa wameambiwa maji yanageuza risasi, wakacheka, halafu wakapigana nasi miezi mingi. Hawakuwa tena na hamu ya kucheka. Sasa wamemkuta mwanamke anayelisha mawe na kuyaotesha meno. Dada akafungwa kamba mikono, akatiwa chumba cha giza chini ya ngazi, na ikasemwa kwamba Bwana Mkubwa ataamua kesho kutwa. Kwa waganga wa vita uamuzi ulikuwa unajulikana. Mti wenyewe wa kunyongea tulikuwa tunauona kutoka pale tunaposagia. Ulimi huponza kichwa, husema watu wa pwani; dada yangu aliponzwa na ulimi wa mtu mwingine, wa pwani.

Nilimfuata karani barazani kwake.

"Shikamoo, bwana karani." Neno hilo nalo nilikuwa nimeshalipata.

"Marahaba. Sema upesi."

Nilisema kwa Kingoni na kwa mikono. Kulitia meno si uganga, ni kugongagonga tu, ni kama kunoa jembe. Amwambie Bwana Mkubwa.

"Nimwambie nilikosea?"

"Hukukosea, bwana. Neno ni lile lile. Maana ndiyo nyingine."

"Mama, mimi nimewekwa hapa kwa ajili ya maneno. Maana ni kazi ya Bwana Mkubwa."

Nilipiga magoti. Hakufurahi, alitazama huku na huku, akaniinua.

"Wallahi, dada yako ananisikitisha," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini sikiliza. Neno langu moja likirudi leo, kesho wataniuliza yaliyotangulia yalikuwaje. Na kwa yaliyotangulia wapo watu walionyongwa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilitaka kumtemea mate, na wakati huo huo nikaona naye anautazama ule mti. Sijawahi kumsamehe, lakini sijawahi pia kusahau kwamba ni yeye aliyenipa akili.

"Mzungu usimwambie kitu," akasema. "Mwonyeshe. Macho yake hayana mkalimani."

Asubuhi niliomba ruhusa kwenda kuleta ushahidi, na karani, ili nisimrudie tena barazani, akaniombea. Nikapewa askari mmoja wa kunisindikiza mpaka Ruhuwiko. Nyumba yetu ilikuwa imebaki majivu. Nilipima hatua kutoka pale palipokuwa mlango wa nyuma, nikachimba kwa mti, nikalikuta jiwe la mama yangu kama alivyolilaza, uso chini. Nililia kidogo. Yule askari aligeukia upande mwingine akajifanya anatazama mlima, na kwa hilo simsemi vibaya.

Njiani tulipita kwa mama mkwe. Alikuwa amejenga kibanda cha nyasi juu ya majivu ya nyumba yake, naye jiwe lake alikuwa ameshalifukua. Anasaga ming'oko mikavu. Hana hata jino moja, na mizizi ile bila kusagwa laini kama vumbi hawezi kuimeza.

"Mwanangu, wanakulisha huko?" akaniuliza.

"Wananilisha, mama."

"Na dada yako?"

Sikuwa na nguvu ya kumwambia. Nikasema na yeye analishwa. Akanikorogea uji kwenye kibuyu, uji mchungu kweli kweli, lakini laini, hauna hata chembe moja ya kulia. Jiwe lake lilichaguliwa na mama yangu pia. Nilikunywa nimesimama, nikajitwika jiwe letu, tukaondoka.

Kesho yake waliniweka katikati ya uwanja. Bwana Mkubwa kwenye kiti, karani pembeni yake, ombasha na shavu lake, dada na kamba zake. Nilikuwa nimeomba fundi Mzungu naye aitwe, kwa sababu mawe ni yake. Alikuja amekasirika kama mtu ambaye mtoto wake ametukanwa.

Nilitandika kitambaa cheupe. Juu yake nikaweka jiwe moja la boma, nikaliosha mbele yao, likakauka juani. Halafu nikaanza kusaga bila kitu. Hakuna hindi, hakuna ulezi, jiwe kwa jiwe, mikono mitupu. Askari walianza kucheka, mwanamke ana wazimu, anasaga upepo. Nilisaga kwa muda wa kuchemsha maji. Nilipoinua lile jiwe na kukung'uta kitambaa katikati, kulikuwa na fungu la mchanga la kujaza kiganja, na ndani yake vipande vya ulanga vinametameta. Nikamwendea ombasha, nikamwomba atie kidole. Akatia, akakisugua, akakitazama kidole chake, akalishika shavu.

Nikaweka jiwe la mama yangu, nikasaga bila kitu, muda ule ule. Kitambaani lilibaki vumbi la kijivu ambalo nililipuliza likaisha.

Kisha nikachukua kijiwe, nikaligongagonga la mama, tok, tok, tok, polepole, ili Bwana Mkubwa aone mkono wangu na aone vishimo. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa Kiswahili changu cha boma, "Meno."

Hakuna aliyetafsiri. Bwana Mkubwa aliinama, akapitisha kidole chake juu ya vishimo.

Aliyebadilika ni fundi. Alitoa mfukoni kioo cha kukuzia vitu, akapiga magoti mwenyewe, suruali yake nyeupe kwenye vumbi, akatazama jiwe lake, akatazama letu, akarudi kwenye lake. Akachukua nyundo akagonga ukingo wa lile la boma kwa ubavu, likafunguka vipande vitatu, kila kipande kimefuata ulanga. Akagonga la mama yangu, nyundo ikarudi juu. Nilidhani atakasirika. Jamani, alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa dhahabu. Akaanza kuniuliza kwa ishara, na mimi mjinga nikamjibu. Nikamwonyesha kukwaruza kwa ukucha. Nikamwonyesha punje kubwa na mipaka iliyonyooka, punje ndogo zilizobanana. Nikamwonyesha tone la maji, linavyonyweka huku na kukaa kule. Miaka yote ile, wa kwanza kuniuliza nijuacho alikuwa yeye, na nilisikia raha. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilisikia raha.

Bwana Mkubwa akauliza kupitia karani, "Kama mlijua mawe ni mabovu, kwa nini hamkusema?"

"Hatukuulizwa," nikajibu.

Karani alifikiri kidogo, akatafsiri hivyo hivyo. Fundi peke yake ndiye aliyecheka.

Dada hakunyongwa. Ilitamkwa pale pale kwamba si mganga. Lakini Wajerumani hawakuwa watu wa kufungua kamba bila kufunga nyingine. Bwana Mkubwa alisema unga wa askari unataka mawe kumi ya namna ya mama yangu, na kuchonga mapya milimani ni kazi ya miezi, na wanawake wa bondeni wanayo tayari, yamefukiwa. Mimi niyajuaye nitatembea na fundi na karani, nyumba kwa nyumba, siku nne, nikiyaonyesha. Dada atakaa chini ya ngazi mpaka la kumi lifike. Lisipofika, atapelekwa pwani na minyororo, pamoja na wengine. Na wa minyororo, waliokwenda kwa miguu kutoka huku mpaka pwani mwaka ule wa njaa, tulijua wanaofika ni wangapi.

La mama lilihesabiwa la kwanza, langu na la dada yakafuata. Mengine nilianza kuyatafuta kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekufa, na Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba walikuwa wengi. Nilijua nani alikuwa na jiwe gani, kwa kuwa nusu yake niliyabeba mimi na dada mgongoni. Nachimba, fundi anatoa kioo chake, anakwaruza, anadondosha tone, anatabasamu. Kwa kila jiwe alikuwa anakuwa mwepesi zaidi. Siku ya pili alianza kuyakataa mengine kabla yangu, na hakukosea.

Siku ya tatu jioni tulikuwa na tisa, na nyumba za wafu zilikuwa zimekwisha.

Siku ya nne asubuhi askari wakatuongoza wenyewe, yule aliyenisindikiza akiwa mbele, na njia waliyoishika nikaijua. Mama mkwe alikuwa nje ya kibanda amepiga magoti, anasaga. Aliponiona nimekuja na Mzungu na karani na askari wanne hakushangaa, alisogea tu kando ili nipate kivuli.

"Hili?" karani akaniuliza.

Nilikuwa na siku moja na mto mzima wa Ruhuwiko mbele yangu. Nilijiambia huenda kwenye mawe ya mtoni nikapata moja ambalo mtu ameliacha. Nilijiambia mengi, kwa haraka. Dada yangu alikuwa chini ya ngazi, na huyu mwanamke alinizalia mume, na akinyang'anywa jiwe hili hamalizi mwezi.

Nikaliinamia, nikaligonga, nikatikisa kichwa. "Hili bovu," nikasema. "Punje kubwa. Linatema."

Karani akaandika. Askari wakaanza kugeuka. Lakini fundi alikuwa ameshapiga magoti. Si kwamba alinishuku; alipenda tu kutazama. Akatoa kioo. Akakwaruza ukingo kwa ukucha wa kidole gumba, kama nilivyomfundisha. Akachovya kidole kwenye kibuyu cha mama mkwe, akadondosha tone, akangoja, na sote tukangoja naye. Tone lilikaa juu ya jiwe, la mviringo, linatetemeka kwa upepo.

Akainuka, akaniwekea mkono begani, akamwambia karani maneno mengi ya Kiswahili kwa upole.

"Bwana fundi anasema usione haya," karani akatafsiri, macho yake chini. "Anasema macho huchoka, hata ya fundi mkubwa. Anasema utazame tena kwa makini. Punje ni ndogo, zimebanana. Anasema hili ni zuri kuliko yote tisa, na anafurahi kwamba safari hii amekusaidia yeye."

Karani alijua. Aliyatafsiri yote, neno na maana.

Askari wawili wakaja kulibeba. Mama mkwe akawanyooshea mkono, wangoje. Akapangusa unga wake wa ming'oko kutoka juu ya jiwe kwa ukingo wa kiganja, taratibu, mpaka chembe ya mwisho, kisha akawaachia. Fundi alikuwa bado ananitazama, anatabasamu, anangoja jibu, na dada yangu angelala nje ya chumba kile siku hiyo hiyo.

Nikasema, "Asante, bwana." Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti, unga umejaa kiganjani, akanisikia.